O*NET OnLine: chombo cha kutafutia kazi za sayansi na uhandisi zisizo za mezani

Anayetafuta kazi ya sayansi au uhandisi isiyomfunga kwenye kiti hukwama mapema kwa sababu moja: jina la kazi halimwambii kazi yenyewe inafanyika wapi. Mhandisi ujenzi mmoja anashinda saiti akikagua nondo kabla zege halijamwagwa. Mwenzake mwenye cheo hichohicho anashinda mbele ya kompyuta akipiga hesabu za nguzo. O*NET OnLine, kanzidata ya kazi inayodhaminiwa na Wizara ya Kazi ya Marekani, ni kati ya vyombo vichache vinavyolipima jambo hili kwa namba. Ni ya bure na haidai kujisajili. Kwa swali hili ni chombo kizuri sana, ila ukikisoma harakaharaka kitakupotosha.

Uzuri wake uko kwenye chanzo cha taarifa. Kwa kazi nyingi, wanaozifanya ndio wanaojaza hojaji: unakaa muda gani, unasimama muda gani, unatoka nje mara ngapi, unapanda ngazi na majukwaa, unavaa vifaa vya kinga. Majibu hutolewa kwa ngazi tano, kisha wastani wake hugeuzwa kuwa alama ya 0 hadi 100.

Usianze kwa kuandika jina la kazi kwenye kisanduku cha kutafutia. Nenda kwenye orodha ya sifa za kazi, fungua Work Context, kisha Physical Work Conditions. Humo chagua kipimo cha kufanya kazi nje penye jua na mvua. Utapata kazi zote zimepangwa kuanzia alama ya juu. Kileleni zimejaa kazi zisizohusiana na sayansi, kwa hiyo pakua jedwali na ulipange upya kwa namba ya utambulisho wa kazi. Zinazoanza na 17 ni za uhandisi na usanifu majengo, zinazoanza na 19 ni za sayansi. Usiishie hapo. Kazi nyingi nzuri za kiufundi zimewekwa kwingine: fundi wa mitambo ya upepo, kwa mfano, yuko kwenye 49, pamoja na mafundi wa matengenezo. Anayechuja 17 na 19 peke yake hatamwona kamwe.

Sasa tuje kwenye mtego mkubwa. Alama ya 75 ya kufanya kazi nje haina maana kwamba robo tatu ya siku inapita nje. Hojaji inauliza mara ngapi, haiulizi kwa muda gani. Jibu la "kila siku" ni 100, na "angalau mara moja kwa wiki lakini si kila siku" ni 75. Anayetoka dakika ishirini kila asubuhi kusoma mita ya maji anahesabiwa 100, sawa na mpima ardhi anayeshinda porini. Kipimo cha kukaa ni tofauti, maana chenyewe kinauliza sehemu ya muda: 50 ni takriban nusu ya muda. Ndiyo maana namba hizi mbili zisomwe pamoja. Alama ya nje ikiwa juu na ya kukaa ikiwa ndogo, hiyo ni kazi ya uwandani kweli. Zote mbili zikiwa juu, shuku: ama ni ziara fupi za ukaguzi, ama ni safari ndefu garini, kwani kiti cha gari nacho ni kiti. Kuna kipimo cha kuwa ndani ya chombo cha usafiri kilichofungwa; kitazame kabla hujaamua. Zote mbili zikiwa ndogo, mara nyingi ni maabara au kiwanda, na wengi wanaodai wanachukia meza wangeridhika kabisa huko.

Mtego wa pili ni wastani wenyewe. Alama ya 50 ya kukaa inaweza kuwa ya watu wote wanaokaa nusu ya siku, au ya makundi mawili, moja halikai kabisa na jingine haliinuki. Fungua ukurasa wa kina wa kazi hiyo uone asilimia ya waliochagua kila jibu. Majibu yakigawanyika pande mbili, hiyo ni habari njema: ndani ya jina moja mna kazi mbili, na unaweza kuiwinda ile unayoitaka.

Jaribio la mapendeleo la O*NET, lenye maswali 60, ni la kawaida tu. Linaeleza unachopenda kufanya, halisemi utafanyia wapi.

Upungufu upo, na si mdogo. Maandishi ni ya Kiingereza, mishahara na leseni ni za Marekani. Kubwa zaidi, umri wa mtu kazini hauonekani. Mwanajiolojia kijana hukusanya sampuli za mwamba. Akipanda cheo huletewa ripoti za wengine azipitie. Tena data ya uwandani lazima ichakatwe, na uchakataji ni kazi ya kompyuta. Namba moja haiwezi kuubeba mgawanyo huo.

Kwa hiyo ukishabaki na kazi nne au tano, maliza kwa kumuuliza mwajiri: katika miezi 12 iliyopita, aliyeshika nafasi hii alikuwa uwandani siku ngapi? Nani huandika ripoti, aliyekusanya data au mtu mwingine? Zamu ni za wiki ngapi kambini na wiki ngapi nyumbani? Uliza pia kuhusu vyeti vya usalama. Cheti cha BOSIET cha kufanyia kazi majukwaa ya mafuta baharini hudumu miaka 4, na gharama ya kukihuisha ni vizuri ijulikane ni ya nani kabla mkataba haujasainiwa.