Thimlich Ohinga, Migori: kuta za mawe kichakani, na kama safari inalipa

Kama unajiuliza ikiwa inafaa kwenda mpaka ndani kabisa ya kaunti ya Migori, magharibi mwa Kenya, kuangalia mawe, jibu letu ni ndiyo, mradi uende kuangalia mawe kweli. Anayetaka makaburi ya nguzo, mihirabu na visima vya kupigia picha, magofu ya Gede kule pwani yatamfaa zaidi. Kule Gede kuna hata kaburi lenye tarehe yake, mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399, na kuta zimeshikwa na chokaa. Thimlich Ohinga hakuna chokaa, hakuna udongo wa kushikiza, hakuna maandishi. Ni kuta za mawe makavu zilizosimama ndani ya kichaka, na usipojua cha kutazama utazimaliza kwa dakika ishirini na kudai nauli yako irudishwe.

Ohinga ni boma lililozungushiwa ukuta wa mawe. Yakiwa mengi ni ohingni. Hapa yapo manne makubwa: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Eneo lote ni hekta 21, na UNESCO ililiingiza kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Mwenye muda mfupi amalize Kochieng kwanza. Ndilo kubwa, na ndilo linaloonyesha kila kitu: lango, ukuta mrefu, mazizi ya ndani, na mabonde madogo ardhini palipokuwa na nyumba.

Fumbo la waliojenga

Makala nyingi za utalii huandika kwamba hakuna ajuaye kuta hizi zilijengwa na nani. Hiyo ni chumvi ya kuuzia tiketi. Ujenzi unakadiriwa kuanza karne ya 16. Mapokeo yanataja jamii za Kibantu zilizokaa huku kabla Wajaluo hawajaenea. Wajaluo walipofika waliyakuta maboma, wakaingia, wakaziba palipobomoka, wakagawa ndani upya, na maisha yakaendelea humo mpaka mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa hiyo ukuta mmoja una waashi wa vizazi vingi, na anayetaka jina moja la mjenzi anauliza swali ambalo ukuta wenyewe haukubaliani nalo.

Kinacholeta utata hasa ni namna ukuta mkavu unavyozeeka. Jiwe halipimiki umri kwa kaboni. Kinachopimwa ni mkaa, mfupa au mbegu iliyo karibu nalo, na hapo ndipo hesabu huponyoka. Mkaa ukiwa chini ya safu ya kwanza ya mawe, ukuta ulijengwa baada ya mkaa huo. Mkaa ukiwa kwenye sakafu ya nyumba, unakwambia watu walipika pale, basi; hausemi ukuta wa jirani ulikuwapo tayari au bado. Na sehemu ikibomoka, fundi huokota mawe yale yale na kuyapanga tena, bila kuacha alama ya saruji wala rangi tofauti. Ukuta wa 1600 na kiraka cha 1890 vinaweza kuwa vya mawe yale yale. Hata majina ya maboma ni ya Kijaluo, kwa hiyo hayatusaidii kumjua aliyeweka jiwe la kwanza.

Jambo jingine ambalo mgeni hulikosa: Thimlich haiko peke yake. Miundo ya namna hii iliyohesabiwa kusini mwa Nyanza inapita 500, mingi sasa ni marundo tu mashambani. Palipokosa mawe, watu wa eneo hilohilo la Ziwa Victoria walichimba handaki na kuinua kingo za udongo, kazi ileile ya kulinda watu na ng'ombe kwa vifaa vingine. Thimlich imebahatika kubaki nzima kuliko nyingine, ndiyo maana inaonekana kama ajabu lililotoka mawinguni.

Na tafadhali, ule mlinganisho ambao wengi huufanya na Great Zimbabwe, mji wa kale wa mawe kule Zimbabwe, uachwe. Kule granaiti hubanduka mlimani kwa mapande bapa, mafundi wakayachonga yakafanana na matofali, wakapanda safu kwa safu mpaka mita 11 hivi. Huku mawe hayakuchongwa. Yameokotwa yalivyo, makubwa kwa madogo, ya pembe na ya mviringo, kisha yakapangwa mpaka yakakubaliana. Kwa fundi, kazi ya pili ndiyo ngumu zaidi.

Jinsi ukuta unavyosimama bila kitu cha kuushika

Hapa ndipo safari inapolipa. Tafuta mahali ukuta umekatika, usimame ubavuni mwake na uutazame kwa upande. Utaona si ukuta mmoja. Kuna uso wa nje, kuna uso wa ndani, kila mmoja umepangwa peke yake, na katikati kuna mawe ya kujazia yanayofunga nyuso hizo mbili. Unene kwa kawaida ni mita moja, kwingine zaidi, na kimo ni kati ya mita 1.5 na 4.5. Msingi wa kuchimbwa hakuna. Mawe mazito yamelazwa juu ya ardhi ngumu.

Ukiwa hapo, kagua mambo manne. La kwanza ni kama jiwe limelazwa na urefu wake ukiingia ndani ya ukuta, au limesimamishwa kwa upana ili uso uonekane mkubwa. Lililoingia ndani limeshikwa na uzito wa juu yake; lililosimamishwa kwa upana ni ganda tu, litatoka siku moja. La pili ni viungo: jiwe la juu liketi juu ya mawe mawili, na mawe mawili juu ya moja. Ukiona ufa mmoja unapanda wima kupita safu tatu au nne, hapo ni kiraka cha haraka au fundi alichoka. La tatu ni mawe marefu yanayotoka uso mmoja kuelekea wa pili. Hayo ndiyo yanayozuia nyuso zisiachane. La nne ni mwinamo: ukuta mzuri hupungua unene unavyopanda, ili uzito wa kila upande uangukie ndani.

Hesabu ndogo itakuonyesha ukubwa wa kazi. Chukua kipande cha ukuta chenye kimo cha mita 3, unene wa mita 1.5 na urefu wa mita moja tu. Hizo ni mita za ujazo 4.5. Toa robo kwa ajili ya nafasi kati ya mawe, jiwe lenyewe likiwa na tani 2.6 hivi kwa mita ya ujazo. Unabaki na karibu tani 9. Kwa mita moja! Yote yamebebwa kwa mikono, na mengi yameinuliwa juu ya kimo cha mtu. Boma kama hili halikuwa kazi ya kaya moja.

Angalia pia kwamba kuta hazikunyooka. Zinapinda, na mahali pengine zina maegemeo ya mawe yaliyojengwa kuzikaza. Ukuta mkavu ulionyooka kwa umbali mrefu ni rahisi kusukumwa ukalala. Uliopinda unajiegemea wenyewe.

Malango ni mafupi na membamba. Kiongozi atakueleza, kwa haki kabisa, kwamba adui aliyeingia kwa kuinama hakuweza kuinua mkuki. Kuna na sababu ya kifundi: linta, yaani kizingiti cha juu ya lango, ni bamba la jiwe, na jiwe huvumilia kukandamizwa lakini halivumilii kupindwa. Ukipanua lango, bamba litapasuka katikati kwa uzito wa ukuta ulio juu. Kwa hiyo lango jembamba lililinda watu, na lililinda linta vilevile. Pita polepole, na usijishike kwenye jiwe la juu unapoinuka.

Karibu na boma kuu omba uonyeshwe sehemu ya wahunzi na mashimo ya ajua, mchezo wa aina ya bao, yaliyotobolewa kwenye mwamba. Vitu hivi viwili vinapitwa haraka na wageni wengi, na ndivyo vinavyoonyesha kwamba hapa palikuwa mji wa watu wenye kazi na wenye muda wa kupumzika, siyo ngome tupu.

Kinachoziangusha

World Monuments Fund, shirika la kuhifadhi majengo ya kale duniani, iliiweka Thimlich kwenye orodha yake ya maeneo yaliyo hatarini mwaka 2000, na matengenezo yakafuata. Lakini ukuta mkavu hauna siku unaposema umepona. Mvua huteremsha mawe madogo ya katikati. Yakishuka, yanajibana chini na kusukuma nyuso nje. Ndipo ukuta unapotoa tumbo. Tumbo likionekana, uso umeshaachana na ujazo wake, na kulisukuma lirudi ndani hakusaidii chochote. Dawa ni moja: kulivua tumbo lote mpaka kwenye safu iliyotulia, kutenga mawe ya uso, marefu na ya kujazia, kisha kupanga upya kuanzia chini, ukijaza katikati kwa kila safu badala ya kumwaga kokoto mwishoni.

Miti ni suala la kupima. Kichaka kinavunja upepo na kupunguza nguvu ya mvua, kwa hiyo kufyeka kila kitu ili picha zitoke safi ni kosa. Lakini mche ulioota ndani ya ukuta ni kabari inayonenepa kila mwaka. Ukate shina, usiung'oe. Ukiung'oa, mzizi unakuja na mawe. Ng'ombe nao hujikuna ubavu, mbuzi hupanda, na watu hupanda wakitafuta mandhari. Mtu wa kilo 80 juu ya jiwe la ukingoni anatosha kuangusha mita nzima, kwa sababu mawe ya juu kabisa hayana uzito wa kuyakandamiza.

Atakayependekeza saruji mumkatalie. Saruji ni ngumu, ukuta unacheza kidogo kila msimu. Kiraka cha saruji kitabaki kizima huku kandokando yake kukifunguka, na maji yaliyokuwa yakipita bila shida yatakosa njia.

Huduma na matembezi

Eneo liko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na matembezi ya maana ni yale ya kuongozana na kiongozi wa hapo. Bila yeye, bonde la nyumba litaonekana shimo la kawaida. Namna bora ya kumtumia ni kumuuliza maswali ya mahali: zizi la ng'ombe lilikuwa wapi na la ndama wapi, lango hili lilifungwa kwa kitu gani usiku, kiraka hiki ni cha lini. Ukimuuliza "nani alijenga" utapewa hotuba; ukimuuliza "hapa waliingiaje na ng'ombe" mtakaa nusu saa mnazungumza.

Tenga saa mbili hadi tatu. Fika asubuhi, jua likiwa bado chini, kwa sababu mwanga wa ubavuni ndio unaotoa viungo vya mawe. Saa sita mchana ukuta wote unakuwa bapa na picha zinakufa. Vaa viatu vya kufunika mguu. Usiingize mkono kwenye nyufa, nyoka wanaishi humo. Miti mirefu iliyochanua matawi kama kinara cha mishumaa ni euforbia, na utomvu wake mweupe unaunguza ngozi na ni hatari zaidi ukiingia machoni. Waangalieni watoto wasivunje matawi. Mwenye shida ya magoti ataona sehemu kubwa kutoka nje na kwenye lango, ila ndani ardhi ina mawe na miteremko, na kiti cha magurudumu hakitapita.

Kufika

Thimlich iko kilomita 46 hivi kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori. Wanaotoka Kisumu hupita Homa Bay, Rodi Kopany, kisha Ndhiwa. Sehemu ya mwisho ndiyo inayohitaji kuulizia, hasa msimu wa mvua za Machi hadi Mei, ambapo gari dogo linaweza kukulaza njiani. Januari na Februari, au Juni hadi Septemba, ni salama zaidi. Usitegemee matatu ya kukufikisha langoni. Panda mpaka kituo cha karibu kisha uchukue boda, na mkubaliane bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kabla hujapanda, maana boda wa kurudi jioni ni bahati. Ada ya kuingia hubadilika, na wananchi, wakazi na wageni hawalipi sawa. Angalia tovuti ya Makumbusho kabla ya safari, ubebe na kitambulisho. Maji na chakula nunua mjini.

Tunaipa nyota nne kati ya tano. Kuta zenyewe ni tano bila ubishi; nyota moja inapotelea njiani, kwa umbali na kwa jinsi mgeni asiye na kiongozi anavyoachwa gizani. Kwa mwalimu wa historia au fundi wa ujenzi, iwe tano. Anayesafiri na watoto wadogo aunganishe na Mbuga ya Ruma kwenye bonde la Lambwe, alale Homa Bay, na Thimlich iwe ya asubuhi ya pili kabla ya jua kali.