Niliruti Pixel 4a kwa laptopu ya Ubuntu, Windows sikuigusa

Dukani kwangu Mwenge, ninapochapa kazi za wanafunzi na kutoa kopi, intaneti yote inatoka kwenye simu moja. Ni Pixel 4a, simu ya Google, iliyotumika, niliinunua Kariakoo, na tangu nifungue mlango asubuhi hadi nifunge usiku inagawa wifi huku imechomekwa kwenye chaja. Simu iliyokuwa ikifanya kazi hiyo kabla yake ilivimba betri hadi kioo kikabanduka. Joto la Dar mwezi wa pili kila mtu analijua. Betri ya lithiamu ikikaa siku nzima kwenye asilimia 100 na joto juu yake, haidumu.

Nilitaka kitu kimoja tu: simu iache kuchaji ikifika 80. Pixel 4a haina sehemu ya kuchagua hivyo kwenye mipangilio yake. Ndiyo nikaamua kuiruti, yaani kupata mamlaka ya juu kabisa ndani ya simu, yale ambayo simu ikitoka kiwandani mwenye simu hapewi.

Fundi niliyemwendea mtaa wa Aggrey alinijibu, "Kaka, hiyo kazi bila Windows haiendi. Niachie simu mpaka kesho, elfu arobaini." Sikumwachia. Anayeiruti simu anaweza kupachika humo chochote na wewe usikione, na simu ile hupokea mafaili ya wateja wangu: vyeti, barua za kazi, nakala za vitambulisho. Kazi ya namna hii ifanye mwenyewe, au ifanyike mbele ya macho yako.

Laptopu yangu ina RAM ya GB 4 na inatumia Ubuntu, mfumo wa familia ya Linux badala ya Windows. Niliandika amri moja, sudo apt install adb fastboot, na zana zote za kuiamrisha simu kutoka kwenye kompyuta zikawa zimeingia. Google inazitoa kwa Windows, Mac na Linux, na amri ni zilezile kote. Kwenye Windows mara nyingi unaanza kwa kuhangaika na draiva, programu za kuifanya kompyuta iitambue simu. Kwenye Ubuntu draiva hazihitajiki. Kilichonikwamisha kwanza ni kebo. Ile niliyokuwa nayo ilikuwa ya kuchajia tu, haipitishi data, na nilipoteza saa nzima nikidhani kosa liko kwenye laptopu. Nilipobadilisha, simu ikaonekana lakini ikaandika "no permissions". Dawa yake ni kifurushi kinachoitwa android-sdk-platform-tools-common: kisakinishe, chomoa kebo, chomeka tena.

Halafu butiloda, mlango unaoamua simu iwake na mfumo gani. Ingia kwenye mipangilio, gonga namba ya toleo mara saba, na sehemu ya wasanidi inafunguka. Humo kuna swichi ya OEM unlocking, inayoruhusu butiloda ifunguliwe. Nakuomba uishike hii kama unanunua Pixel iliyotumika: iangalie swichi hiyo ukiwa bado dukani na simu ikiwa na intaneti, kabla hujatoa hela. Pixel zilizouzwa na Verizon, kampuni ya simu ya Marekani, huwa imefifia, haibonyezeki, na hapo safari yako imeishia. Yangu ilibonyezeka. Nikaiwasha simu kwenye hali ya fastboot, ambamo inapokea amri za kompyuta kabla mfumo haujawaka, nikaandika fastboot flashing unlock, nikachagua kwa vitufe vya sauti na kuthibitisha kwa kitufe cha kuwashia. Simu ikajifuta yote. Hilo hufanyika kwa makusudi, ili mwizi asifungue butiloda akakuta picha zako. Mimi nilikuwa nimeshahamisha kila kitu siku moja kabla, pamoja na nakala ya WhatsApp.

Kuruti kwenyewe nilitumia Magisk. Ni programu ya bure iliyoanzishwa na John Wu mwaka 2016, na uzuri wake ni kwamba haigusi sehemu ya mfumo. Inabadilisha faili dogo la kuwashia simu, boot.img. Unalipata ndani ya mfumo kamili ambao Google inautoa kwa kila simu yake. Faili lote linazidi GB 1, kwa hiyo tafuta bando la usiku. Namba ya toleo ilingane herufi kwa herufi na ile iliyo kwenye simu. Nililihamishia boot.img kwenye simu, Magisk ikalitengeneza, nikalirudisha kwenye laptopu. Sikulipachika kwenye simu papo hapo. Nilianza na fastboot boot, ambayo inaiwasha simu kwa faili hilo mara moja tu bila kuhifadhi chochote, ili likikataa nizime, niwashe, nirudi nilikokuwa. Simu ikawaka vizuri, ndipo nikaruhusu Magisk ijisakinishe moja kwa moja.

Kisha nikaweka moduli ya ACC, nyongeza ya Magisk inayosimamia kuchaji. Niliandika acc 80 75: chaji ikate ikifika 80, irudi ikishuka 75. Huu ni mwezi wa nne tangu niiweke. Mgongo wa simu umepoa, kioo kimekaa pale pale, na wifi haijakatika. Nimeongeza na AdAway, inayozuia matangazo kupitia faili la hosts, orodha ya anwani za mtandao iliyomo ndani ya simu. Kwa duka linalonunua bando kila wiki, kila tangazo lisilopakuliwa ni hela iliyobaki.

Kuna gharama, na ziliniuma. Programu ya benki yangu ilikataa kufunguka siku hiyo hiyo. Nilijaribu kuificha ruti kwa orodha ya DenyList iliyomo ndani ya Magisk. Ikakubali wiki moja, ikakataa tena. Programu hiyo nimeihamishia kwenye simu ya mfukoni ambayo sijaigusa, na nimeacha kushindana nayo. Malipo ya dukani hayakusimama, kwa sababu menyu ya M-Pesa, *150*00#, inapita kwenye mtandao wa simu, haiulizi kama simu imerutiwa. Pia kila ikiwashwa inaonyesha onyo kwamba butiloda iko wazi. Simu uliyo nayo moja tu, yenye benki na kila kitu, usiiruti.

Haya ni ya Pixel. Samsung watu huizoea Odin, zana ya kupachika mfumo kwenye simu, ambayo ni ya Windows, ingawa Linux ina Heimdall kwa baadhi ya simu zake. Xiaomi zana yao rasmi ya kufungulia butiloda ni ya Windows. Programu za kubonyeza mara moja bila kompyuta zilifaa enzi za Android 4, zikipenya kwenye matundu ya usalama ambayo yameshazibwa. Leo ukiahidiwa hivyo kwa simu mpya, usiiweke programu hiyo.

Kijana anayenisaidia dukani aliniuliza juzi, "Kaka, si tufunge tena butiloda ili lile onyo liondoke?" Nikamkataza. Ukifunga butiloda Magisk ikiwa bado imo, simu inaweza isiwake tena. Atakayetaka kufunga airudishie kwanza mfumo wote wa Google ulivyotoka, aiwashe, ahakikishe imekaa sawa, ndipo afunge, akijua kwamba itajifuta mara ya pili.