Ted Lasso: Mpira ni Chambo Tu

Karibuni tena jamani. Leo nachambua tamthilia moja, Ted Lasso, na nawaambia mapema: mpira humu ni chambo, habari yenyewe ni afya ya akili. Ukiifuata kwa ajili ya soka utakereka. Mechi zenyewe ni kidogo, na kwa mtu aliyezoea kubishana Simba na Yanga kijiweni, zinaonekana kabisa kwamba ni za kuigiza.

Kisa kwa kifupi: kocha wa mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mikononi, anapelekwa London kufundisha AFC Richmond, klabu ya kubuni kwenye Ligi Kuu ya Uingereza. Soka halijui hata kidogo. Mwenye klabu, Rebecca, amemleta makusudi timu ianguke ili amkomoe mtalaka wake. Ted anaigizwa na Jason Sudeikis, na mhusika huyu alianza mwaka 2013 kwenye matangazo ya NBC ya kuinadi Ligi Kuu kule Marekani. Tamthilia ikaja Agosti 2020, Apple TV+.

Sasa twende kwenye sehemu ya saba, msimu wa kwanza. Wako Liverpool, wamemfunga Everton, wanasherehekea kwa karaoke. Rebecca ameshika maiki, watu wanashangilia. Ted, yule mcheshi wa kila saa, mkono unaanza kutetemeka, sauti zinamwia mbali, pumzi haitoshi. Anatoka nje, anajibanza, anahema. Rebecca anamfuata, anakaa naye mpaka atulie. Hakuna anayekuja na mhadhara wa kitaalamu. Na wewe unayenitazama, huenda unamjua mtu aliyepatwa na hali hiyohiyo, hofu kali ya ghafla, Waingereza wanaita panic attack, nyumbani wakasema ni presha, wengine wakasema karogwa.

Msimu wa pili ndio wenyewe. Dani Rojas anapiga penalti, inamuua mbwa wa klabu, naye anashindwa kucheza tena. Ndipo analetwa mwanasaikolojia, Dk. Sharon Fieldstone, anayeigizwa na Sarah Niles. Wachezaji wanaingia ofisini kwake mmoja mmoja, wanatoka wepesi. Ted? Anapita mlangoni na utani wake. Mganga hajigangi! Mpaka robo fainali ya Kombe la FA dhidi ya Tottenham, ile hali inamrudia mechi ikiendelea, anaondoka uwanjani. Sharon anaingia ofisini kwake mwenyewe, anamkuta Ted humo gizani, kajikunja kwenye kochi.

Tamthilia nyingine hapo zingemliza, zikampa kumbatio, kesho kapona. Hii haifanyi hivyo, na ndiyo sababu naisifu. Sehemu inayofuata Ted anaingia, anatania, anachezea vitu, anainuka, anaondoka. Anarudi, anapandisha hasira, anamwambia wewe unanisikiliza kwa sababu unalipwa. Sharon hapandishi sauti. Anamuuliza, na wewe ukocha si unalipwa? Ina maana wachezaji wako huwajali? Ted kimya. Nilirudisha nyuma nikaangalia tena. Maana hiyo ndiyo hoja ya wanaume wengi ninaowajua: nikamlipe mtu asiyenijua nimweleze shida zangu, kwani sina ndugu?

Halafu wakaongeza kitu cha maana: Sharon mwenyewe ana mtaalamu wake, anaongea naye kwa video.

Kasoro zipo, tena si ndogo. Huyu daktari analipwa na klabu, ofisi yake iko hatua chache kutoka kwa Ted. Nani kati yetu ana bahati hiyo? Tamthilia haigusi kabisa habari ya kukosa hela ya mtaalamu, au kumkosa kabisa mtaalamu. Na msimu wa tatu, mh! Sehemu zinarefuka, nyingine zinavuka saa moja, bando linaisha kisa hakisogei. Nate, msaidizi aliyetoboa siri ya hali ya Ted kwa mwandishi wa habari kisha akahamia kufundisha West Ham, anaondoka huko nje ya kamera! Unasubiri kuona mtu huyo anavyogeuka, unakuja kusimuliwa tu kwamba keshaondoka. Hapo walitudhulumu.

Tahadhari mbili. Roy Kent, mchezaji mkongwe wa Richmond, anatukana kila sentensi, kwa hiyo usiiwashe sebuleni mbele ya wakwe. Na hii si utani: msimu wa pili unazungumzia waziwazi mzazi kujiua, hasa sehemu ya nane na ya kumi. Kama una msiba wa namna hiyo, angalia na mtu unayemwamini, au ziruke.

Alama zangu ni nane kwa kumi. Hizo mbili zimeliwa na msimu wa tatu. Kama muda ni mdogo, tazama misimu miwili ya kwanza uishie hapo. Ukimaliza, nenda kwenye tamthilia ya Shrinking ya 2023: Brett Goldstein, huyohuyo Roy Kent, ni mmoja wa walioibuni, na Harrison Ford yumo kama mwanasaikolojia mzee anayeugua Parkinson. Hiyo nitaichambua video ijayo.