Simu ya Kuweka Mezani Kazini: Tafuta Kitundu cha Laini Kabla ya Kuhesabu Macho

Mwezi wa tatu nilinunua iPhone 14 Pro ya mtumba kwenye duka moja karibu na Mnara wa Saa hapa Arusha. Shilingi 1,600,000, akiba ya miezi saba. Sababu siifichi. Ofisini kwetu tunapanga safari za wageni, na kikao cha asubuhi kikianza simu zote hulazwa kifudifudi mezani. Mwenye macho matatu ya kamera mgongoni mwa simu ndiye anayeulizwa maoni kwanza. Nilichoka kuulizwa wa mwisho.

Muuzaji alinihakikishia: "Dada, hii imetoka Marekani, orijino kabisa. Laini unaunganishiwa tu, huhitaji kadi." Nikalipa. Sikujua kwamba iPhone 14 zote zilizotengenezwa kwa soko la Marekani, tangu zilipotoka Septemba 2022, hazina kitundu cha kadi ya laini. Laini inakuwa eSIM, imo humohumo ndani ya simu, na haichomoki.

Jumamosi moja jioni simu ikaniponyoka ngazini, kioo kikawa cheusi tii. Dereva wetu yuko Karatu na wageni wanne, anasubiri hela ya dizeli, na hela iko kwenye M-Pesa yangu. Laini ya kadi ingekuwa kazi ya dakika mbili: unaichomoa, unaichomeka kwenye kiswaswadu cha mlinzi, unatuma. Mimi nilikaa nimeshika simu ya milioni moja na laki sita isiyoweza kutuma hata elfu kumi. Dereva aliwekewa mafuta kwa kuacha kitambulisho chake pale kituoni. Jumatatu nikapanga foleni, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) mkononi, nikaweka alama za vidole ili laini yangu irudishwe kwenye kadi.

Kwa hiyo humu napanga simu kwa kitundu cha laini, si kwa kamera wala kwa ukubwa wa memori. Hayo kila muuzaji atakuimbia.

Ya kwanza kwangu ni Samsung Galaxy A55, ya mwaka 2024, na nasema wazi kwamba Samsung naipenda. Inabeba kadi mbili za laini, au laini moja na memori kadi. Ubavu wake ni wa alumini, mgongo wa kioo, na kamera zake tatu zimepangwa wima; ukiilaza mezani haikuaibishi. Ina kinga ya maji ya IP67, na masika ya Arusha mnayajua. Betri ni ya 5000 mAh. Ikizidi mfuko wako, shuka kwenye A35 ya mwaka huohuo: laini ni vilevile, kinga ya maji ni ileile.

Ya pili ni iPhone 13 ya 2021, kwa anayesema bila tofaa halali. Hii ina kitundu hata ikiwa ya Marekani. Zilizotengenezwa kwa soko la China bara na Hong Kong zinaingia kadi mbili, kwa hiyo ukiipata ya huko, usiiachie. Kuanzia iPhone 12 kitundu kiko ubavu wa kushoto: igeuze, kitafute kwa ukucha. Kisha ingia kwenye mipangilio usome namba ya modeli. Ikiishia na LL/A, ni ya Marekani. Kwa 14 na kuendelea, irudishe mezani. iPhone Air ya 2025 ndiyo usiisogelee kabisa, maana haina kitundu popote duniani.

Ya tatu ni Google Pixel, kuanzia 6 hadi 9. Kadi moja tu, na baadhi ya za mtumba zimefungwa na kampuni za simu za huko zilikotoka, hazikubali laini nyingine. Chomeka laini yako palepale dukani upige kabla hujatoa hela.

Tecno na Infinix zinaingia laini mbili na bei ni nafuu. Kwa kazi tupu zinatosha.

Kinachoniuma ni wauzaji. Unaulizwa "na risiti au bila risiti?", na bei inabadilika hapohapo, kana kwamba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ni kitu unachoongezewa. Wanataja rangi, wanataja asilimia za betri, wanaandika "haina mkwaruzo", lakini kuhusu laini kimya. Nilipomrudia yule wangu alinijibu kwamba mali ikishatoka hairudi, na kwamba sikumuuliza. Ningeulizaje kama simu ina mahali pa kuweka laini?

Juzi nimeona ametangaza 14 Pro nyingine. Ameweka picha nne, na zote zimepigwa upande wa kulia.