La Roche-Derrien au Auray: vita ipi ilimaliza ugomvi wa Bretagne?

Jean wa Tatu, mtawala wa Bretagne, eneo la kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, alifariki 1341 bila mtoto. Kiti kikagombewa na Jean de Montfort, ndugu yake wa kambo, na Charles de Blois, aliyemwoa Jeanne, binti wa ndugu yake mwingine.

Kwa mbinu, naipa kura La Roche-Derrien ya Juni 1347. Charles aliuzingira mji huo, jeshi lake kaligawa pande tofauti. Mwingereza Thomas Dagworth, aliyepigania upande wa Montfort, akamvamia gizani, na wenyeji nao wakamiminika kutoka mjini na mashoka yao. Charles alitekwa akivuja damu, akapelekwa London. Lakini vita havikwisha! Jeanne hakukubali kushindwa, na mumewe alipoachiliwa wakaendelea.

Auray, tarehe 29 Septemba 1364, haikuwa na ujanja huo: watu walikatana mchana kweupe. Olivier de Clisson, wa upande wa Montfort, alitoka na jicho moja. Bertrand du Guesclin, kamanda wa upande wa Charles, akatekwa. Safari hii Charles aliuawa, na mwaka 1365, kwa mkataba wa Guérande, kiti kikaenda kwa mtoto wa Montfort.