Uzoefu wangu na kiti cha Hudson cha Emeco

Kiti ninachokalia kila siku kwenye meza yangu ya kazi ni Hudson, ambacho Philippe Starck, mbunifu kutoka Ufaransa, alikibuni mwaka 2000 kwa ushirikiano na kampuni ya Emeco ya Hanover, Pennsylvania, kwa ajili ya Hoteli ya Hudson mjini New York. Emeco yenyewe ilikuwa imebobea katika alumini tangu mwaka 1944, ilipoanza kutengeneza kiti cha 1006 kwa ajili ya meli za Jeshi la Wanamaji la Marekani, ambako kiti kilipaswa kuwa chepesi na kustahimili maji ya chumvi.

Ukiviweka viti hivyo viwili kando kwa kando utaona undugu wao mara moja, isipokuwa pau tatu za wima zilizokuwa mgongoni mwa kile cha zamani hazipo tena, na mahali pake pamewekwa bamba moja lililopinda kufuata umbo la mgongo. Kwa maoni yangu busara ya Starck iko hapo hapo: alipunguza, kisha akawaachia mafundi kazi yao. Kampuni inasema kwamba kiti cha 1006 hupitia hatua 77 za utengenezaji, nami nilidhani ni maneno ya kibiashara tu hadi nilipopitisha ukucha chini ya kikalio cha Hudson yangu, pale kinapokutana na mguu wa nyuma, nikitafuta alama ya kuchomelea na nisiipate, kwa sababu maungio yamesagwa na kusuguliwa mpaka kiti kizima kikawa kama kimemiminwa kwa mkupuo mmoja.

Kukikalia ni jambo jingine. Kikalio kimebonyezwa vizuri na mgongo unapata egemeo, lakini alumini haina huruma, na anayekaa saa nyingi mfululizo atahitaji mto mwembamba. Asubuhi ya baridi chuma hiki kinashtua kidogo, ingawa hushika joto la mwili upesi. Nakihamisha kwa mkono mmoja bila shida.

Wanaotaka kukinunua wafikirie sana kuhusu umaliziaji wake. Kile kilichong'arishwa kama kioo kinapendeza kweli kweli, ila huonyesha kila alama ya kidole na kila mkwaruzo, ilhali changu kimepigwa brashi, na mikwaruzo midogo hupotelea ndani ya mistari yake.