Uzoefu wangu na huduma ya kukagua na kujenga upya tovuti kongwe ya kampuni

Tovuti ya kampuni ninayofanyia kazi ilikuwa haijaguswa tangu aliyeijenga aondoke. Ilikuwa inafunguka, kwa hiyo ofisini jibu lilikuwa moja: haina shida. Viongozi walipochoshwa na sura yake ndipo tukanunua huduma ya hatua mbili, ukaguzi kwanza na ujenzi baadaye. Ukaguzi naupa nyota tano. Ujenzi, tutafika.

Ripoti yao haikuhangaika na rangi wala picha. Ilianza na PHP 5.6, lugha ya programu iliyokuwa ikiendesha tovuti, toleo lililoacha kupewa viraka vya usalama mwishoni mwa Desemba 2018. Tundu lolote linalogunduliwa baada ya hapo hubaki wazi, na roboti za wadukuzi hazichagui kampuni kubwa wala ndogo, zinajaribu kila mlango. Kwetu zilishaingia. Mkaguzi aliiambia Google iorodheshe kurasa zote za kikoa chetu (jina la tovuti mtandaoni), zikajitokeza za kamari na dawa za nguvu za kiume. Ukiingia kwenye tovuti kwa kawaida hukuziona, maana zilifichwa zisomwe na injini za utafutaji tu. (Kimya kilichotanda kwenye kikao hicho nisikieleze.)

Cheti cha usalama pia hakikuwepo. Tangu Julai 2018, kivinjari cha Chrome huitangaza kila tovuti ya HTTP, yaani isiyosimba mawasiliano kwa cheti hicho, kuwa si salama, na mteja wetu alikutana na onyo hilo pale pale alipotaka kuacha namba yake ya simu. Let's Encrypt hutoa vyeti bure, kwa hiyo bajeti haikuwa kisingizio.

Lililoniuma zaidi ni fomu ya mawasiliano. Ilipokea ujumbe, ikamshukuru mteja kwa maneno matamu, kisha ikaupeleka kwenye baruapepe ya mfanyakazi aliyekwisha kuondoka. Watu waliomba bei, wakangoja, wakaenda kwingine wakiamini tumewadharau. Hasara ya aina hii mhasibu haioni, kwa sababu hakuna ankara iliyowahi kuandikwa. Kibaya zaidi, usajili wa kikoa ulitumia baruapepe hiyo hiyo, na ilani za kulipia upya zilikwenda mahali pasipo na mtu. Muda ungeisha, kikoa kingeachiliwa, mtu mwingine angekisajili, na anuani zote za baruapepe za kampuni zingekuwa mikononi mwake.

Kulikuwa pia na ukurasa wa dhamana wenye masharti tuliyokwisha kuyafuta. Mteja mmoja aliuchapa kwenye karatasi akaja nao kaunta. Tulimlipa.

Sasa ujenzi. Tovuti mpya ni nyepesi na inasomeka vizuri kwenye simu, jambo lenye uzito kwa kuwa Google huorodhesha tovuti kwa kutazama toleo la simu. Lakini walibadilisha anuani za karibu kurasa zote bila kuweka maelekezo ya 301, yanayomhamisha mgeni yenyewe kutoka za zamani kwenda mpya. Kurasa ambazo wateja walizoea kuzipata kwa kutafuta zikawa zinatoa 404 (ukurasa haupatikani), maulizo yakashuka. Nilipolalamika walirekebisha, ila kwa sauti ya mtu anayekufanyia hisani nje ya mkataba. Kwa anayejua kazi ya tovuti kongwe, hilo hupangwa kabla ya jengo la kwanza kusimama. Nyota tatu.

Makabidhiano yalikuwa safi: nywila zote, nakala rudufu, na kikoa kwa jina la kampuni. Mkataba wa matunzo tumeuchukua pia, baada ya kuvutana kidogo. Rasimu yao ilisema "matengenezo ya jumla" basi. Nilidai itajwe nani anasasisha programu-jalizi (programu ndogo zinazoipa tovuti kazi za ziada), na ndani ya muda gani kiraka kikitoka. Ukitaka kuwaajiri, chukua ukaguzi hata kama ujenzi utampa mwingine. Ukiwapa na ujenzi, omba orodha ya anuani za zamani na kila moja itakakoelekezwa kabla hujasaini.